Mshahara wa Kukisia

Mwaka 1921 miji miwili ya Marekani, Denver katika jimbo la Colorado na Des Moines katika jimbo la Iowa, ilianza kuwalipa walimu wake kwa jedwali moja. Kabla ya hapo, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke, alilipwa pungufu ya mwalimu wa sekondari, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamume, hata pale elimu yao ilipolingana. Jedwali jipya liliuliza maswali mawili tu: una elimu gani, na umefundisha miaka mingapi? Safu ya elimu ilipokutana na mstari wa miaka, hapo palikuwa na mshahara wako. Mkuu wa shule hakuwa na la kuongeza wala la kupunguza. Kufikia katikati ya karne, karibu nchi nzima ilikuwa inawalipa walimu kwa mtindo huo.

Mwaka 2004 walimu wa Denver hiyo hiyo walipiga kura ya kuliacha jedwali. Mwaka 2019 waligoma siku tatu wakilidai.

Nilikutana na kisa hiki katika somo la historia ya kazi na vyama vya wafanyakazi, nikisoma shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam, na sijaweza kukiacha. Kila matokeo ya darasa la saba au ya kidato cha nne yanapotoka, hakosekani mtu, redioni au kwenye daladala, wa kusema kwamba dawa ni moja: walimu walipwe kwa matokeo. Husemwa kana kwamba ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijaribu. Limejaribiwa mara nyingi. Denver lilijaribiwa kwa namna ya pekee, maana walimu wenyewe walikaa mezani na kuandika masharti.

Woga wa walimu juu ya wazo hili una mizizi mirefu. Mwaka 1862 Uingereza, kwa uongozi wa Robert Lowe, ilianza kuzipa shule ruzuku kwa kadiri watoto walivyofaulu mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Mkaguzi alifika, akamsomesha mtoto mmoja mmoja, na fedha zikahesabiwa kichwa kwa kichwa. Walimu walielewa haraka kinachotakiwa. Ambacho mkaguzi hakukiuliza hakikufundishwa sana, na watoto wakakaririshwa kitabu cha kusomea kutoka jalada hadi jalada. Utaratibu huo ulivunjwa katika miaka ya 1890. Nchini Marekani wazo lilipata nguvu mpya mwaka 1983, tume ya serikali ilipotoa ripoti ya *A Nation at Risk* na kupendekeza mishahara ya walimu iendane na utendaji. Miji kadhaa ikajaribu. Mingi ilikwama kwa sababu mpango ulitoka juu, na walimu wakauona kama fimbo.

Ili kuelewa kwa nini Denver ilikwenda tofauti, ni lazima kwanza kuelewa kwamba wilaya ya shule ya Marekani si ofisi ya wizara. Ina bodi inayochaguliwa na wananchi, ina mkurugenzi anayeajiriwa na bodi hiyo, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi ya majengo na ardhi ya wakazi wa hapo hapo. Chama cha walimu hujadiliana na wilaya, na mkataba wanaotia saini ndio unaoamua mishahara. Kwa hiyo swali la nani alipwe nini halimalizwi kwa waraka. Humalizwa mezani, na meza ikivunjika, barabarani. Denver ilikuwa imeonja hilo mwaka 1994, walimu walipogoma siku tano.

Mwaka 1999 wilaya ilikuja kwenye majadiliano na pendekezo la kuunganisha mshahara wa mwalimu na maendeleo ya wanafunzi wake. Chama cha walimu, kinachoitwa kwa kifupi DCTA, kingeweza kukataa na kuondoka. Badala yake kilijibu: tujaribu kwanza. Wakakubaliana kuwe na majaribio, yasimamiwe na kamati yenye watu wa pande zote mbili, shule ziingie kwa hiari baada ya walimu wake kupiga kura, mtathmini atoke nje, na mwishowe walimu wote wa jiji waulizwe. Mmoja wa waliobeba kazi hiyo upande wa chama alikuwa Brad Jupp, mwalimu na mjadili wa DCTA.

Majaribio yalikwenda hadi mwaka 2003 na kufika shule 16. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Kila mwalimu aliandika malengo mawili kwa ajili ya wanafunzi wake, akakubaliana na mkuu wa shule, na kila lengo alilolifikia lilimpa dola 750. Mwalimu wa hesabu na mwalimu wa muziki wote waliweza kushiriki, kwa kuwa lengo lilitoka darasani kwa mwalimu, si kwenye mtihani mmoja wa jimbo. Watathmini waliofuatilia waliona jambo ambalo nadhani ndilo la thamani kuliko yote katika historia hii: wanafunzi wa walimu walioandika malengo bora ndio waliofanya vizuri zaidi. Kukaa chini na kujiuliza mtoto huyu yuko wapi na ninataka afike wapi kulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Dola 750 zilikuwa kisingizio kizuri cha kuifanya.

Kutokana na majaribio hayo, kikosi kazi cha pande mbili kiliandika mpango kamili ulioitwa ProComp. Tarehe 19 Machi 2004 walimu walipiga kura, na asilimia 59 wakasema ndiyo. Lakini makubaliano yalikuwa na sharti: mpango usingeanza mpaka wakazi wa Denver wakubali kuulipia. Novemba 2005 wapiga kura waliridhia kodi ya ziada ya dola milioni 25 kwa mwaka. Januari 2006 ProComp ikaanza. Walimu wapya waliingizwa moja kwa moja. Waliokuwapo kazini waliachiwa uchaguzi wa kuhamia au kubaki kwenye jedwali la zamani.

Napenda kusimama hapa kidogo, kwa sababu wasimuliaji wengi hupita haraka. Chama cha walimu, ambacho huko na huku husemwa kuwa adui wa mageuzi, kilikubali mishahara ipimwe. Wenye nyumba, ambao husemwa kuwa hawataki kodi, walikubali kutozwa. Hakuna aliyelazimishwa. Kila upande uliweka kitu chake mezani na ukapewa kitu. Walimu walipewa fedha mpya, ili anayepata zaidi asipate kwa kumnyang'anya mwenzake. Wilaya ilipewa uwezo wa kuwavuta walimu kwenye shule za watoto maskini na kwenye masomo yasiyo na walimu wa kutosha. Wananchi walipewa ahadi kwamba fedha yao inafuata kazi.

Ahadi hiyo iligawanyika katika mafungu manne. Fungu la kwanza lilikuwa la maarifa na ujuzi: shahada za juu, leseni, mafunzo kazini. La pili lilikuwa tathmini ya utendaji. La tatu lilikuwa motisha ya soko, kwa wanaofundisha shule ngumu au masomo adimu. La nne lilikuwa maendeleo ya wanafunzi: malengo ya mwalimu mwenyewe, matokeo ya mtihani wa jimbo, na jinsi shule nzima ilivyofanya. Mafungu mengine yaliongeza mshahara wa msingi na kubaki humo daima. Mengine yalikuwa bonasi, unapewa mwaka huu, mwakani huenda usiipate.

Tofauti ya mambo hayo mawili, msingi na bonasi, ndiyo iliyokuja kuuvunja mkataba. Nyongeza ya msingi huingia kwenye pensheni kwa miaka yote iliyobaki, hukubalika benki unapoomba mkopo wa nyumba, hukufuata hadi kustaafu. Bonasi ni mvua. Ikinyesha unashukuru, lakini hupandi mpunga kwa kuitegemea.

Mwaka 2008 mkataba ulifika wakati wa kujadiliwa upya. Waliokaa mezani hawakuwa wale wale. Mkurugenzi sasa alikuwa Michael Bennet, aliyekuja baadaye kuwa seneta, na Jupp mwenyewe alikuwa amehamia kufanya kazi upande wa wilaya. Kwa kuwa walimu wa zamani walihamia ProComp polepole kuliko ilivyotarajiwa, mfuko wake ulikuwa umelimbikiza fedha nyingi. Chama kilitaka fedha hizo ziingie kwenye mishahara ya msingi. Wilaya ilitaka ziongeze bonasi, hasa kwa walimu vijana na kwa shule ngumu. Kila upande ulikuwa na hoja yenye uzito. Walimu wapya walikuwa wakiacha kazi, na shule zenye umaskini mkubwa ndizo zilizokosa walimu wenye uzoefu. Lakini mwalimu aliyefundisha miaka ishirini alisikia jambo moja tu: sheria za mchezo zinabadilishwa nikiwa uwanjani.

Agosti hiyo Chama cha Democratic kilikuwa kinakuja Denver kumteua rasmi Barack Obama, na jiji halikutaka walimu wenye mabango wawe mbele ya kamera za dunia. Siku chache kabla ya mkutano, pande mbili zilikubaliana. Bonasi kadhaa zilipanda hadi zaidi ya dola 2,000, na wenye utumishi mrefu wakaacha kuongezewa msingi kwa baadhi ya mafungu. Mgomo uliepushwa. Nikiangalia nyuma, naona kwamba siku ile mkataba uliokoka na imani ikapungua. Mwaka 1999 watu walikuwa wameuliza: nini kinamsaidia mtoto kujifunza? Mwaka 2008 swali lilikuwa nani apate fungu gani la mfuko.

Na je, watoto walijifunza zaidi? Watafiti wa vyuo vikuu vya Colorado na Washington walichambua takwimu kwa miaka. Matokeo ya wanafunzi wa Denver yalipanda katika kipindi hicho, lakini picha ya nani alisababisha haikuwa safi, kwani hata wanafunzi wa walimu wasiokuwa ndani ya ProComp walipanda. Anayetaka kusema mpango ulifaulu atapata pa kushika, na anayetaka kusema ulishindwa vilevile.

Hapa kuna uzoefu wa kwetu wa kuweka kando ya huo. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha mradi wa KiuFunza katika shule 350 za msingi nchini Tanzania. Katika shule za kundi la motisha, mwalimu wa darasa la kwanza, la pili au la tatu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au hesabu. Shule nyingine zilipewa ruzuku tu, na nyingine zilipewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua matokeo. Motisha peke yake iliacha alama hafifu. Vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi kwa kiasi kilichozidi jumla ya viwili hivyo. Baadaye, mwaka 2015 na 2016, walilinganisha njia mbili za kukokotoa motisha: moja rahisi, ya viwango ambavyo mtoto anavifikia, na nyingine ya kisayansi zaidi, inayompanga mtoto dhidi ya wenzake walioanza naye sawa. Kwa nadharia, ya pili ilitakiwa ishinde. Darasani, ile rahisi haikuzidiwa.

Ninaona sababu. Mwalimu wa KiuFunza angeweza kukaa chini ya mwembe na kuhesabu: watoto arobaini, masomo matatu, shilingi elfu tano. Tena mshahara wake wa kila mwezi haukuguswa. Motisha ilikaa juu ya msingi ambao tayari ulikuwapo.

Mama yangu amefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka ishirini. Nyumbani kwetu sote tuliujua mshahara wake, kwa sababu ulikuwa umeshagawanywa kabla haujafika: kikoba, duka la Mangi tulikokopa unga na mafuta, ada yangu ya bweni, dawa za bibi. Kuna mwaka alipata barua ya kupandishwa daraja, na miezi ikapita mshahara ukiwa uleule. Malimbikizo yalikuja, lakini yalichelewa sana. Barua ilikaa kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na kila mwisho wa mwezi aliangalia simu, akaiweka chini, akaendelea kusahihisha madaftari. Kiasi chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilichomchosha ni kutojua amwambie nini Mangi. Ndiyo maana niliposoma madai ya walimu wa Denver wa mwaka 2019 sikuhitaji maelezo marefu.

Walichodai ni hiki: tuambieni mapema tutalipwa kiasi gani. Bonasi ya shule iliyofanya vizuri mwaka huu ilitoweka mwaka uliofuata ingawa mwalimu alifanya kazi ile ile, kwa sababu hesabu ya shule nzima ilibadilika. Shule iliyohesabiwa ngumu mwaka huu iliweza kutolewa kwenye orodha mwakani. Walimu walilalamika kwamba hawawezi kusoma hati zao za mshahara na kuelewa fedha imetoka wapi. Wakati huo kodi za nyumba Denver zilikuwa zikipanda kwa kasi, na mwenye nyumba hangojei hesabu ya mwaka wa mtihani.

Wilaya nayo haikuwa na moyo wa jiwe. Susana Cordova, aliyekuwa ameshika ukurugenzi mwezi mmoja tu kabla ya mgomo, alisoma na kufundisha katika shule za jiji hilo hilo. Yeye na bodi walishikilia bonasi za shule zenye umaskini mkubwa kwa sababu waliamini kwamba bila hizo, mtoto maskini atabaki na mwalimu mgeni kila mwaka. Walimu walijibu kwamba mwalimu hahami kwenye shule ngumu kwa kukosa dola 1,000; anahama kwa kuchoka. Kila upande ulikuwa unamtaja mtoto yule yule.

Majadiliano yalifanyika hadharani. Tangu mwaka 2014 wapiga kura wa Colorado walikuwa wamepitisha sheria inayotaka vikao vya mikataba ya shule viwe wazi, kwa hiyo walimu walijaa ukumbini wakiwa wamevaa nyekundu, wakisikiliza mishahara yao ikijadiliwa tarakimu kwa tarakimu. Tarehe 11 Februari 2019 walianza kugoma. Usiku wa kuamkia tarehe 14, katika maktaba kuu ya jiji, wajadili walikaa hadi alfajiri, wakatoka na makubaliano.

Mkataba mpya ulirudisha jedwali: ngazi 20, safu za elimu, mshahara wa kuanzia dola 45,800 kwa mwaka, na njia ya wazi ya kufika dola 100,000 kwa mwenye elimu na utumishi wa juu kabisa. Kwa wastani mishahara ya msingi ilipanda asilimia 11.7. Bonasi nyingi za kubahatisha zilifutwa, zikiwemo za maofisa wakuu wa wilaya. Lakini bonasi za shule maskini na nafasi ngumu hazikufutwa. Zilibaki, dola 2,000, na dola 3,000 kwa shule zilizopewa kipaumbele cha juu, zikiwa na kiasi kinachojulikana kabla mwaka haujaanza. Jina ProComp nalo lilibaki.

Wanafunzi wenzangu tuliojadili nao kisa hiki waligawanyika. Wapo waliosema walimu walishinda na mageuzi yakashindwa. Sikubaliani. Walimu hawa walikubali kupimwa, wakapigia kura kupimwa, wakapimwa miaka 13. Walichokataa ni kipimo ambacho mpimwaji hawezi kukisoma. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni ambalo mdai hajui ni kiasi gani hawezi kwenda kulidai. Jedwali la mwaka 1921 halikuwa na haki kamili. Halikumtofautisha mwalimu hodari na mzembe, wala shule ya watoto wenye njaa na ya watoto waliokula. Lakini mwanamke wa darasa la pili aliweza kuweka kidole juu yake na kusema, mimi niko hapa, na mwakani nitakuwa hapa.

Kwetu mjadala huu bado mbichi, na wanaouanza mara nyingi wana nia njema. Siku watakapoketi na vyama vya walimu kuandika kanuni, ningependa kabla ya saini aitwe mwalimu mmoja ambaye hakuwa kwenye kamati, apewe karatasi ile na kalamu, aambiwe akokotoe atapokea shilingi ngapi Januari ijayo, na ngapi Januari inayofuata. Akimaliza kabla chai haijapoa, waendelee.